Jaji akifundisha chuoni, nani anamlipa?

Kiangazi cha mwaka 1968 Chuo Kikuu cha American, kilichopo Washington, kilimchukua jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aendeshe semina ya sheria kwa ujira wa dola 15,000. Jaji mwenyewe ni Abe Fortas. Mshahara wa jaji wa mahakama hiyo wakati ule ulikuwa dola 39,500 kwa mwaka, kwa hiyo semina ya msimu mmoja ilimwingizia karibu asilimia 38 ya kile alicholipwa kwa kuvaa joho mwaka mzima. Hilo peke yake lingetosha kuzua maneno. Kilichomponza hasa, hata hivyo, ni mahali fedha zilikotoka.

Juni ya mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alimteua Fortas arithi kiti cha Jaji Mkuu Earl Warren. Maseneta wakaanza kupekua, na ilipofika Septemba ikawa wazi kwamba fedha za semina hazikutoka kwenye hazina ya chuo. Paul Porter, mwanasheria aliyekuwa mbia wa Fortas katika kampuni ya uwakili kabla Fortas hajaapishwa kuwa jaji, ndiye aliyezunguka kuzitafuta. Alichangisha dola 30,000 kutoka kwa watu watano, wote wazito katika biashara, na nusu yake ikawa ujira wa jaji. Chuo kiliandika hundi na kutoa darasa. Mfuko ulikuwa wa watu ambao kampuni zao zingeweza siku yoyote kuwa na shauri mbele ya mahakama ileile.

Wapinzani wa Fortas hawakuwa malaika. Wengi wao walikuwa maseneta wa Kusini waliokuwa na kinyongo na hukumu za mahakama ya Warren, na walikuwa wakitafuta sababu tangu mwanzo. Fortas naye aliwapa nyingi, ikiwemo ile ya kuendelea kumshauri Johnson kisiasa huku akiwa jaji. Lakini ni semina iliyompa kila seneta mwenye wasiwasi kisingizio cha heshima. Oktoba 1 kura ya kufunga mjadala ilipata 45 dhidi ya 43, pungufu sana ya theluthi mbili zilizohitajika, na uteuzi ukaondolewa. Mei 1969 Fortas alijiuzulu kabisa, baada ya kufichuka kwamba aliwahi kukubaliana na taasisi ya familia ya mfanyabiashara Louis Wolfson alipwe dola 20,000 kila mwaka maisha yake yote. Wolfson alikuwa akichunguzwa kwa makosa ya soko la hisa.

Nimeanza na mkasa huu wa zamani kwa sababu kila kanuni ya leo ya Marekani kuhusu jaji anayefundisha kwa malipo ina alama zake. Na kwa maoni yangu, waliotunga kanuni hizo walitazama upande usiofaa wa hundi. Walisoma kiasi kilichoandikwa, wakaacha kuuliza jina la aliyeweka fedha benki.

Hatua ya kwanza ilikuja upesi. Juni 1969, mwezi mmoja tu baada ya Fortas kuondoka, baraza la majaji wa shirikisho likiongozwa na Warren lilipitisha azimio kwamba majaji wa mahakama za chini wasipokee malipo ya kazi za nje bila kibali. Warren akastaafu, akaja Warren Burger, na kabla mwaka haujaisha azimio likasimamishwa. Mwaka 1972 chama cha mawakili cha Marekani kikatoa kanuni za mwenendo wa majaji zilizoandaliwa na kamati ya Roger Traynor, aliyekuwa Jaji Mkuu wa California. Humo kufundisha kukaruhusiwa waziwazi, hata kukahimizwa, mradi kusimzuie jaji kufanya kazi yake na malipo yawe ya kadiri.

Meno yalikuja mwaka 1989. Bunge la Marekani lilikuwa limechafuka kwa posho za hotuba: mbunge anakwenda kunywa chai na chama cha wenye viwanda, anaongea nusu saa, anatoka na bahasha. Ili wapandishiwe mishahara bila kuzomewa, wabunge walikubali kupiga marufuku posho za hotuba na kuweka kikomo cha kipato cha nje. Sheria hiyo ikawabeba na majaji wa shirikisho. Tangu hapo jaji haruhusiwi kulipwa kwa hotuba, lakini anaruhusiwa kulipwa kwa kufundisha kozi, kwa masharti mawili: apate kibali mapema, na jumla ya kipato chake cha nje isizidi asilimia 15 ya ngazi fulani ya mishahara ya watendaji wa serikali. Mwaka 2023 kikomo hicho kilikuwa dola 31,815. Mshahara wa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka huo ulikuwa dola 285,400.

Kutenganisha hotuba na kozi kuna mantiki. Hotuba ni saa moja, na mara nyingi anayelipia hanunui maneno, ananunua kukaa meza moja na msemaji. Kozi ina mtaala, ina wanafunzi waliojiandikisha, ina mitihani ya kusahihisha. Mtu akisahihisha karatasi sitini za sheria ya katiba anastahili kulipwa, na aliyewahi kuzisahihisha hatabisha. Kanuni za majaji wa shirikisho zinasema pia kwamba malipo yasizidi yale ambayo mwalimu mwingine wa hadhi hiyo angelipwa na chuo hicho. Kwenye karatasi, mlango wa Fortas umefungwa.

Haujafungwa. Umepunguzwa upana tu. Chini ya sheria ya 1989 Fortas asingeweza kulipwa asilimia 38, lakini Porter angeweza kuwapitia wale watano, akakusanya kiasi kidogo zaidi, akakipeleka chuoni kwa jina la kuendeleza elimu ya sheria, na jaji akalipwa chini ya kikomo. Fomu ya jaji ingeandikwa jina la chuo. Ya wale watano yasingetajwa popote.

Hapa ndipo George Mason inapoingia. Hiki ni chuo kikuu cha umma cha jimbo la Virginia, na shule yake ya sheria ilipewa jina la Jaji Antonin Scalia mwaka 2016, baada ya kupokea ahadi ya dola milioni 30. Milioni 10 zilitoka kwa taasisi ya Charles Koch, tajiri anayefahamika kwa kufadhili harakati za kihafidhina. Milioni 20 zilitoka kwa mtu aliyeomba jina lake lisitajwe. Miaka michache baadaye shule hiyo ikaanza kuwachukua majaji wa Mahakama ya Juu wakafundishe kozi fupi za kiangazi nje ya nchi. Neil Gorsuch alifundisha Padova, Italia, na baadaye Iceland. Brett Kavanaugh alikwenda Uingereza mwaka 2019, Runnymede, pale ilipotiwa muhuri Magna Carta, hati ya kale iliyobana mamlaka ya mfalme, mwaka 1215. Kozi ilikuwa ya wiki mbili hivi, na malipo yalikuwa dola elfu ishirini na kitu, yakikisogelea kikomo.

Niseme wazi: hakuna sheria iliyovunjwa. Vibali vilikuwepo, fomu zilijazwa, majina ya kozi yanajulikana. Wala sina ushahidi kwamba senti moja ya Koch ililipa darasa la Padova, na sidhani kuna atakayeupata, kwa sababu fedha zikishaingia kwenye akaunti moja hazina kabila. Chuo chenye milioni 30 za wafadhili kinaweza kulipa wahadhiri wake wa kawaida kwa hizo na kumlipa jaji kwa ada za wanafunzi, au kinyume chake, na hesabu zikabaki safi. Hiyo ndiyo sababu swali la asilimia ngapi ni dogo. Kikomo kinapima kilichomfikia jaji. Hakigusi anachokipata mfadhili, ambaye anatajwa kwenye shukrani, anaalikwa kwenye chakula cha jioni, na kupigwa picha na jaji aliyekuja kama mwalimu.

Kuhusu chakula cha jioni, si dhana. Mwaka 2023 shirika la habari la Associated Press lilikusanya nyaraka za vyuo vya umma vilivyowahi kutembelewa na majaji wa Mahakama ya Juu, wa mirengo yote, na kukuta vyuo vikiitumia ziara kama chambo kwa wachangiaji. Mkono mtupu haulambwi, na maofisa wa uchangishaji wa vyuo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Jaji anaweza asiombe hata shilingi. Uwepo wake chumbani tayari unaomba kwa niaba ya chuo.

Habari za George Mason nazo zilitoka mwaka huohuo, kwenye New York Times, na namna zilivyopatikana inastahili kutazamwa. Gazeti liliomba barua pepe na nyaraka kwa kutumia sheria ya Virginia ya haki ya kupata habari, ambayo inakibana chuo cha umma. Laiti chuo kingekuwa cha binafsi, mlango ungefungwa hapo. Kavanaugh alifundisha Harvard kwa miaka mingi kabla ya kupanda Mahakama ya Juu. Harvard ni ya binafsi, haiwajibiki kumpa mwandishi wa habari barua pepe hata moja, na kwa hiyo hatujui mazungumzo ya namna hiyo yalikuwaje huko. Kiasi ambacho raia anajua kuhusu jaji anayefundisha kinategemea aina ya chuo, wakati kingepaswa kutegemea wajibu wa jaji mwenyewe.

Kisha kuna safari. Nauli, hoteli na chakula havihesabiwi kuwa kipato, kwa hiyo haviingii kwenye ile asilimia 15. Jaji anatakiwa kuvitaja kwenye tamko lake la mwaka: nani alilipa, wapi, tarehe gani, kwa ajili gani. Thamani haitakiwi. Wiki mbili Iceland na usiku mmoja katika hoteli ya kawaida mji wa jirani vinachukua mstari mmoja mmoja kwenye fomu. Mtu anayetaka kumfurahisha jaji hana haja ya kugombana na kikomo cha ujira. Anachagua tu mji mzuri.

Vitabu nitavipita haraka, ingawa vinakera. Malipo ya mwandishi hayamo kwenye kikomo, kwa hiyo Sonia Sotomayor ameweza kupata zaidi ya dola milioni 3 kwa vitabu vyake tangu awe jaji, na Amy Coney Barrett alisaini mkataba wa dola milioni 2. Darasa la sheria linabanwa kwenye dola elfu thelathini, kitabu hakibanwi kabisa. Anayeniambia kwamba kikomo kipo ili kulinda uhuru wa jaji dhidi ya fedha za nje anieleze tofauti hiyo.

Au anieleze hii nyingine, ambayo ni ya kuchekesha zaidi. Jaji wa shirikisho akifikia miaka 65 na kuwa na utumishi wa kutosha anaweza kupumzika nusu: analipwa, ana ofisi, na anaendelea kusikiliza kesi kwa mzigo uliopunguzwa. Majaji hao ni wengi na wanabeba sehemu kubwa ya kazi za mahakama. Kwao malipo ya kufundisha yameondolewa kwenye kikomo. Yaani Ijumaa dola 40,000 za chuo zinamharibia jaji fikra, Jumatatu akishabadili hadhi hazimharibii tena, ingawa anaketi kitini kilekile na mawakili walewale wanasimama mbele yake. Bunge lilipoweka msamaha huo lilikiri, bila kusema, kwamba haliamini kiasi ndicho tatizo.

Tatizo ni uhusiano, na uhusiano hauna asilimia. Chuo kikuu siku hizi si jengo la wazee wenye miwani wanaosoma. Ni mwajiri mkubwa, mmiliki wa ardhi, mwekezaji, mdaiwa na mlalamikaji. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi mbili kuhusu kuzingatia rangi ya mtu katika kudahili wanafunzi, moja dhidi ya Harvard, nyingine dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Jaji Ketanji Brown Jackson alijiondoa kwenye ile ya Harvard kwa sababu alikuwa amekaa kwenye bodi ya waangalizi wa chuo hicho. Ya North Carolina alibaki na kuandika maoni ya kupinga. Alifanya sawasawa. Lakini ujumbe wa bodi unaonekana kwa macho, una jina na tarehe. Ualimu wa wiki mbili hauhesabiwi hivyo, hata kama wahadhiri wa shule iliyomlipa jaji wanawasilisha hoja zao za kitaalamu kwenye kesi anazozisikiliza, jambo ambalo wahadhiri wa George Mason wamelifanya.

Kuna wanaochanganya haya na mambo ya Jaji Clarence Thomas wa mahakama hiyohiyo katika Chuo Kikuu cha George Washington. Mwaka 2022, baada ya mahakama kufuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, wanafunzi walikusanya saini wakitaka aondolewe. Chuo kilikataa, lakini Thomas mwenyewe akajiondoa kwenye semina aliyoifundisha huko miaka mingi. Thomas ana maswali mengi ya kujibu kuhusu zawadi za matajiri, ila hili la darasa silihesabu kuwa suala la maadili. Wanafunzi kuichukia hukumu ya mwalimu wao si mgongano wa maslahi. Pengine ndiyo faida yenyewe ya kuwa naye darasani.

Novemba 13, 2023, kwa kelele zilizokuwa zimepanda, majaji wote tisa walitia saini kanuni za mwenendo za mahakama yao, za kwanza tangu mahakama ianzishwe. Kufundisha kumeruhusiwa, ujira wa kadiri umeruhusiwa. Chombo cha kupokea malalamiko hakimo. Chombo cha kuchunguza hakimo. Na kuhusu nani anayeifadhili shule inayomlipa jaji, kikomo na fomu vimebaki vilevile.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu maneno yanayoruhusu jaji kufundisha yamesambaa dunia nzima kupitia Kanuni za Bangalore, zilizoandaliwa na majaji wakuu kutoka nchi kadhaa, Uganda na Tanzania zikiwemo mezani, na Jaji Mkuu wa Uganda wa wakati ule, Benjamin Odoki, akiwa mmoja wao. Zilikamilishwa The Hague mwaka 2002. Zinasema jaji anaweza kuandika, kutoa mihadhara na kufundisha kuhusu sheria, mradi kazi ya mahakama itangulie. Hazina kikomo cha asilimia wala neno kuhusu wafadhili wa chuo.

Kenya ilikwenda njia nyingine, na kwa mtazamo wa kwanza ni kali kuliko Marekani. Ibara ya 77 ya Katiba ya 2010 inamkataza ofisa wa Serikali anayetumikia muda wote kushiriki ajira nyingine yenye malipo, na Ibara ya 260 inawataja majaji na mahakimu miongoni mwa maofisa hao. Mwenye kusoma hapo tu atadhani mjadala umekwisha. Kisha inakuja Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012. Kifungu cha 26 kinarudia katazo, halafu kinaeleza ajira yenye malipo maana yake nini: kazi ambayo kwa asili yake haipatani na majukumu ya ofisi ya umma, au inayodhoofisha uamuzi wa ofisa, au inayoleta mgongano wa maslahi. Katiba imefunga lango kwa kufuli, na sheria imeacha funguo juu yake. Maana kwa tafsiri hiyo, jaji anaweza kusema kufundisha sheria ya ushahidi jioni katika chuo kikuu hakupingani na ujaji kwa asili yake, na mimi nitamwunga mkono. Atakayesema kunapingana naye ana maneno ya Katiba mkononi. Wote wawili wanaweza kulala usingizi, na hakuna anayeulizwa chuo kinapata wapi fedha.

Binafsi nisingependa kuona tafsiri ya kufunga kabisa ikishinda. Mahakama zetu zimechota majaji wengi kutoka vyuoni. J. B. Ojwang alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuwa jaji, hatimaye wa Mahakama ya Juu. Ibrahim Juma, Jaji Mkuu wa Tanzania hadi mwaka 2025, alitoka kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lillian Tibatemwa-Ekirikubinza wa Mahakama ya Juu ya Uganda alitoka Makerere. Watu wa namna hii ukiwakataza darasa unawapotezea wanafunzi walimu ambao hawapatikani kirahisi. Na kuna hitaji jingine Tanzania: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku vitivo vikiendelea kufundisha kwa Kiingereza. Wakili kijana atajifunza wapi kuandika hati ya madai kwa Kiswahili kinachosimama mahakamani, kama si kwa mtu anayeandika hukumu kwa lugha hiyo? Muda ni hoja ya kweli, kwa sababu mrundikano wa mashauri unajulikana, na jaji anayekimbilia darasani huku hukumu zake zimelala hana utetezi. Hilo linadhibitiwa na msimamizi wake kwa kutazama orodha ya hukumu zinazosubiri kabla ya kutoa kibali.

Hatari ya huku kwetu ina sura yake, na si ya tajiri wa Kansas kama Koch. Chuo kikuu cha umma katika Afrika Mashariki ni mgeni wa kudumu mahakamani. Wahadhiri wanakishtaki kwa mishahara, wakandarasi kwa majengo, wanafunzi kwa kufukuzwa, majirani kwa mipaka ya ardhi. Mwaka 2020, waziri wa elimu wa Kenya alipobatilisha uteuzi wa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ugomvi ulikwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sasa mchukue jaji anayefundisha jioni mbili kwa wiki katika chuo cha namna hiyo kwa mkataba wa muda. Wahadhiri wa muda wanajua jinsi malipo yao yanavyochelewa, muhula hadi muhula, wakati mwingine mwaka. Jaji huyo akisubiri malipo amekuwa mdai wa chuo. Anaidai taasisi ambayo kesho inaweza kusimama mbele yake, au mbele ya mwenzake wa chumba cha pili, kama mshtakiwa. Hapo udogo wa kiasi haumkingi na lolote. Shilingi elfu themanini ambazo hazijalipwa zinamfunga mtu na chuo kuliko laki nane zilizolipwa zikaisha.

Katika mazingira hayo kikomo cha asilimia 15 kingekuwa pambo, maana wahadhiri wa muda hawakifikii kamwe. Kinachohitajika ni kibali kiwe cha maandishi na kiwekwe mahali mtu yeyote anaweza kukisoma: jina la jaji, chuo, kozi, saa, malipo. Kiwe na mstari wa kuonyesha iwapo programu anayofundisha ina mfadhili wa nje na ni nani, na chuo ndicho kitie saini kuthibitisha, kwa sababu jaji anaweza kweli asijue, lakini mhasibu wa chuo anajua. Nauli na malazi viandikwe kwa thamani yake. Chuo chenye shauri katika mahakama anayokaa jaji huyo kisimwajiri hadi liishe, na kama lilifunguliwa baada ya mkataba, asilikaribie. Mfadhili akitaka jina lake lisitajwe, ana haki hiyo. Basi fedha zake zisiende kwenye programu yenye jaji.

Watakaosema utaratibu huu utawakimbiza majaji kutoka vyuoni wana hoja nusu. Utawakimbiza wale ambao hawataki kuandika jina la mfadhili. Anayefundisha kwa sababu anapenda kufundisha hatasumbuliwa na mistari mitano ya fomu, na asipotaka malipo kabisa, bado ajaze, kwa sababu safari ya Runnymede ni safari ya Runnymede hata kama hakuna hundi.

Kenya isingehitaji hata sheria mpya. Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kuanzisha mchakato wa kumwondoa jaji, na kuvunja kanuni za mwenendo ni moja ya sababu za kumwondoa jaji chini ya Ibara ya 168. Kinachokosekana ni tafsiri ya kifungu cha 26 iliyoandikwa na kutangazwa kabla jaji wa kwanza hajaburutwa mbele ya tume kwa darasa la jioni, na mahasimu wake, kama wale wa Fortas, wakiwa na sababu nyingine kabisa mfukoni.